Likizo Yako Isilipwe na Fundi Wako

Dada mwenye kazi yako hapa Ganjoni, iwe ni cherehani tatu katika chumba cha chini cha gorofa, saluni ya hina na singo, au jiko la mahamri na mbaazi linalolisha makarani wa Mbaraki na wapakiaji wa magodauni ya Shimanzi, nasaha hii naielekeza kwako. Yahusu ile miezi ambayo kazi hupungua, na mwenendo wa mwenye kazi ndani ya miezi hiyo. Mwenendo nimeutaja makusudi, kwa kuwa wengi hudhani jambo hili ni la hesabu peke yake.

Msimu wenyewe tunaujua sote. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi. Tangu Shaaban hadi kumi la mwisho mafundi hukesha wakikimbizana na nguo za Idd. Kisha Idd inakwisha, Aprili inaingia na masika yake, na mlango wa duka unanyamaza. Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Mombasa. Mteja wa Likoni havuki kwa feri na mvua ile kwa ajili ya kupimwa gauni. Hoteli za Nyali, Bamburi na Diani huwa na vyumba vitupu hadi Juni, nyingine hufunga kabisa ili zikarabatiwe, na mama aliyekuwa akizipelekea vikapu na kachiri anaambiwa asubiri. Katikati ya ukavu huo, karibu na mwanzo wa Mei, shule zinafungua muhula wa pili na karo yataka kulipwa. Kazi hurudi Julai na Agosti, wakati wa kipupwe, jamaa wa Maskati, Dubai na London wanapokuja kwa likizo zao za kiangazi na harusi zikaandamana Jumamosi kwa Jumamosi.

Jambo linalotujia kila mwaka kwa tarehe zake haliwi msiba. Hata hivyo kila Aprili nawasikia wanawake hodari, watu wanaojua kukata gauni la bi harusi bila kupoteza shubiri moja ya kitambaa, wakisema kwa mshangao kwamba "mambo yamekufa". Hayajakufa. Yamepumzika, nao hawakujitayarisha kupumzika pamoja nayo.

Wazee wa mji huu waliishi kwa upepo. Kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, ilileta majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi hadi bandari ya Mji wa Kale, na kusi ilipoanza Aprili ikayarudisha kwao. Kusi ikiwa kali, Juni na Julai, bahari ilifungwa. Vyombo vilipandishwa pwani vikatiwa kalafati na deheni, matanga yakashonwa, madeni yakahesabiwa. Siku zilihesabiwa tangu Nairuzi, mwongo kwa mwongo, siku kumi kumi, na nahodha kama mkulima alijua mwongo wa kutoka na mwongo wa kukaa. Hakuna aliyemwita nahodha mvivu kwa kuwa hakusafiri Juni. Na zamani sana kabla ya hapo, Makureshi wa Makka wanatajwa katika Qur'ani kwa safari zao mbili, ya siku za baridi na ya siku za joto. Bibi Khadija bint Khuwaylid alikuwa mfanyabiashara wa mji huohuo, na mali yake ilikwenda na misafara. Biashara yenye misimu, basi, ni mila kongwe, na mwanamke kuimiliki ni mila kongwe vilevile.

Kilichotuchanganya sisi wa leo ni kwamba twaishi kwa kalenda tatu kwa pamoja. Iko ya mwandamo wa mwezi, inayorudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa jua. Iko ya upepo na mvua, isiyohama sana. Na iko ya shule na serikali. Mwenye kazi wa Ganjoni lazima azisome zote. Ramadhani ya sasa inakwisha masika yanapobisha hodi, lakini haitakaa hapo. Itazidi kurudi nyuma hadi mwaka 2030, ambapo mwaka mmoja wa kalenda ya jua utakuwa na Ramadhani mbili, moja Januari na nyingine mwisho wa Desemba. Siku hizo nguo za Idd na harusi za Desemba zitataka mikono ileile katika wiki zilezile, na pengo kati ya Idd na masika litakuwa refu kuliko tulilozoea. Mwanamke anayepanga kwa kukumbuka mwaka jana peke yake atakutwa hajajiandaa. Tundika kalenda ukutani, tia alama Mfungo Mosi, tia alama Mfungo Sita watu wanaposoma maulidi, tia alama siku shule zinapofungwa, kisha utazame mahali palipobaki peupe. Hapo ndipo pa kupumzikia, na ni vizuri upachague mwenyewe kabla mvua haijakuchagulia.

Sasa nije kwa lililonifanya nishike kalamu.

Wapo wanaopanga vizuri. Tarehe wanazijua, nauli ya Lamu au Unguja wameiweka, watoto wamewaaga walimu. Ila mpango wao una mtu mmoja asiyeonekana ndani yake, naye ni msichana anayeketi kwenye cherehani ya pili. Wiki ya kwanza baada ya Idd anaambiwa, "Kaa nyumbani kwanza, kazi ikirudi nitakupigia." Msichana huyo amepanga chumba Kisauni au Likoni. Mwenye chumba hana masika. Kodi yake ni ileile Mei kama Desemba. Yeye ndiye aliyekesha kumi la mwisho akitia ushanga kwenye madera ya watu huku futari yake imepoa. Fedha iliyoingia usiku ule ndiyo iliyolipa nauli ya tajiri wake kwenda kupunga upepo, na yeye hakubakiwa na kitu. Kwa hilo sitatafuta neno laini. Ni dhuluma, hata kama mwenye kuifanya ni mtu wa sala na sadaka.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 imeliona jambo hili. Mfanyakazi aliyetimiza miezi kumi na miwili ana haki ya likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mshahara kamili. Na kibarua ambaye siku zake za kazi mfululizo zimefika mwezi hahesabiwi tena kuwa wa kutwa. Anahesabiwa kuwa wa mshahara wa mwezi. Wengi wetu wenye watu wawili au watatu twadhani sheria hiyo ni ya mashirika makubwa na bandari. Ni yetu pia. Na mwenye akili ataona kwamba masika ndio wakati hasa wa kuitimiza, maana siku 21 za fundi zikichukuliwa Mei hazikugharimu oda yoyote, lakini akiziomba Shaaban utamkatalia na ugomvi utaanzia hapo. Mpe likizo yake wakati ambao wewe pia umepunguza kazi, umlipe, aende kwao Kwale au Kilifi akamwone mamake. Atarudi Juni na moyo wa kazi. Mtume ametuusia malipo ya mfanyakazi yasicheleweshwe hata jasho lake likakauka. Jasho la Machi lisingoje hadi Agosti.

Utaniuliza fedha hiyo itoke wapi. Itoke katika miezi ya neema, na si nyingi kama inavyotisha. Tuseme kodi ya chumba chako cha kazi ni shilingi 20,000 kwa mwezi, mafundi wawili 22,000 kila mmoja, stima 3,000, na wewe nyumbani kwako wachangia 31,000. Jumla ni 98,000. Tuseme tena kwamba kuanzia Aprili hadi Juni faida yako hushuka ikaweza kubeba nusu tu ya mzigo huo. Pengo ni 49,000 kwa mwezi, 147,000 kwa miezi mitatu. Ligawe kwa miezi tisa iliyobaki, nawe wahitaji kuweka 16,333 kila mwezi. Kwa siku 26 za kazi ni karibu shilingi 630 kwa siku. Hiyo ni fedha ambayo saluni yenye wateja au fundi mwenye jina huiona ikipita mkononi kila asubuhi. Iweke mahali isipopatikana kwa kubonyeza simu mara moja, na uihesabu kuwa ya wafanyakazi wako tangu siku inapoingia. Ukiihesabu kuwa yako, utaiazima, na akiba ya kujiazima mwenyewe hairudi.

Na kama wewe ni mwanachama wa chama, hapa pana hila ya halali ambayo akina mama wachache huitumia: omba zamu yako iangukie Mei. Desemba kila mtu anaitaka, kwa sababu ya harusi na nguo. Waachie. Zamu inayokuja katikati ya mvua, karo ikingoja, ina faida kubwa kuliko ya Desemba inayoyeyuka ndani ya wiki moja Biashara Street.

Lisilofaa ni kulivuka pengo hilo kwa Fuliza na mikopo ya simu. Fuliza ilipoanza mwaka 2019 ilikuwa ya kumalizia malipo yaliyopungukiwa na kiasi kidogo. Kulishia nyumba miezi mitatu kwayo ni kuingia Julai, mwezi wa kazi, ukiwa unamfanyia kazi aliyekukopesha. Nenda mapema kwa mwenye nyumba, nenda kwa mfanyabiashara aliyekupa vitambaa kwa mali kauli, uwaambie, "Aprili hadi Juni nitalipa kiasi hiki, Agosti nitamaliza." Mombasa mtu husikilizwa akisema mapema, akijificha ndipo anapofuatwa mlangoni. Na kama umejiandikisha kwa kodi ya mauzo, ile ya asilimia 3, kumbuka hata mwezi usiouza kitu marejesho yake hupelekwa KRA kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kunyamaza hakuhesabiwi kuwa likizo.

Kwa mteja nako pana adabu yake. Kitambaa cha mtu kilicho ndani ya kabati lako ni amana, na arbuni uliyoipokea ni ahadi. Usifunge mlango ukazima simu huku magauni ya watu yamekatwa nusu. Maliza yaliyo mkononi, kataa yale usiyoweza kuyamaliza, kisha tangaza tarehe ya kufunga na tarehe ya kufungua, mlangoni na kwenye simu. Mteja akijua utarudi tarehe mosi Juni atakungoja. Asiyejua atakwenda kwa mwingine, na akikuta kazi nzuri huko ndiyo basi.

Kuna wasiokuwa na nafasi ya kufunga, na nisingependa waisome nasaha hii wakaona haiwahusu. Mama wa mahamri akifunga siku moja watoto wanalala na chai kavu. Kwake mimi sisemi afunge. Nasema apunguze kwa kipimo. Asubuhi za mvua makarani ni wachache, basi unga ukandwe kilo chache, jioni ya viazi vya karai iachwe siku mbili za wiki, na siku moja kamili ya wiki iwe ya mwili wake. Na kama barabara moja ina mama wawili wa mahamri, kwa nini wasipeane zamu, wiki yako na wiki yangu, badala ya wote wawili kurudi nyumbani na sinia nusu? Wivu wa biashara ndio unaozuia hili. Ujirani ungeliruhusu. Na kupunguza kazi kwa ajili ya majira si aibu: huko Omani serikali yenyewe imeingilia kati. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni marufuku kufanyisha watu kazi juani tangu saa sita unusu mchana hadi saa tisa unusu. Ikiwa serikali imekubali kuwa kazi hupisha majira, mama wa Ganjoni asione haya kupunguza unga.

Nimebakiwa na jambo zito kuliko hayo yote, nalo liko ndani ya nyumba.

Mwanamume akifunga duka lake hukaa barazani, akanywa kahawa, na watu wakasema fulani anapumzika. Mwanamke akifunga lake, habari hufika kwa ukoo mzima kabla kufuli halijapoa. Shangazi anaumwa, yeye atamlaza kwake maana hana kazi. Kuna arobaini ya marehemu, yeye atasimamia masufuria. Harusi ya Agosti ya binti wa fulani, yeye atashona maleso na kuandika majina ya waalikwa, na kwa kuwa ni ndugu hatalipwa. Watoto wa ndugu wanne wanaletwa kwake likizo ya Aprili kwa sababu "wewe si uko nyumbani tu?" Juni ikifika mwanamke huyo amechoka kuliko alivyokuwa usiku wa mwisho wa Ramadhani, na anafungua duka kwa furaha ya kukimbia nyumba.

Simwambii mtu avunje udugu. Kuunga udugu ni wajibu, na mgonjwa ana haki yake. Lakini wajibu ni wa ukoo mzima, na kaka zako wamo katika ukoo. Kabla hujafunga duka, sema kwa ulimi mwema na wazi: wiki mbili za mwanzo sipatikani kwa shughuli, wiki ya tatu nitakaa na shangazi siku tatu, harusi nitashona nguo ya bi harusi kuwa zawadi na zilizobaki zina bei. Ukisema hayo Machi watakuona una mpango. Ukiyasema Mei, mgonjwa akiwa amekwisha kufikishwa mlangoni, watakuona una kiburi. Maneno ni yaleyale, wakati ndio unaotofautisha.

Na mume? Hapa pana kimya kinachowaumiza wengi. Katika sheria ya dini yetu matumizi ya nyumba ni juu ya mume, na mali ya mke ni ya mke. Lakini katika nyumba nyingi za mji huu mke ndiye anayelipa karo, tokeni za stima na nusu ya soko la Marikiti, na hufanya hivyo kwa mapenzi na bila kutangaza. Heshima yake kubwa. Ubaya ni kwamba mume hazoei kujua. Masika yanapofika na mkono wa mke ukafungika, mume huona mapenzi yamepungua, kumbe mauzo ndiyo yaliyopungua. Na mke, kwa kuona haya, hukopa ili nyumba isione tofauti. Mkae mezani kabla ya Ramadhani, mfungue daftari, umwambie mchango wako wa Aprili, Mei na Juni utakuwa kiasi gani. Nawe baba unayesoma hapa, usimfanye mkeo akope ili wewe usijue. Uliza mwenyewe.

Nimeulizwa pia, zile siku zenyewe za kupungua mtu azifanyie nini. Jibu langu litawaudhi wengine: msianzishe biashara nyingine. Naona kila masika mtu aliyetakiwa kupumzika anaanza kuuza mabuyu, halafu mashuka, halafu manukato, na Julai inamkuta na bidhaa zisizouzika chini ya kitanda. Peleka cherehani kwa fundi. Nenda ukapimwe macho, maana ushanga na taa hafifu huyachosha, na presha upimwe pia. Wafundishe mafundi wako mshono mpya wakirudi. Tembea Mama Ngina, kando ya bahari, jioni mvua ikipisha, na watoto wako, bila simu ya mteja mkononi. Lala baada ya adhuhuri. Hivi vyote ni kazi ya mwenye kazi, na duka la Agosti linavihitaji.

Basi, dada, usingoje Idd ipite. Wiki ya kwanza ya Shaaban, kabla kazi haijakuzidi, mwite kila anayekula kwa jasho lake katika duka lako, umwonyeshe kalenda, umpe tarehe zake za likizo kwa maandishi, na umwambie siku ambayo mshahara wake wa Mei utaingia kwenye simu yake.